Kiwiko Hakimsubiri Kuku

Nakumbuka adhuhuri moja ya msimu wa korosho, mwanangu Shabani, ulipodondoka mkoroshoni nyuma ya nyumba ya bibi yako hapa Kisarawe, ukaja kwangu umeushika mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto kama mtu aliyebeba kitu cha mwenzake. Hukulia. Kiwiko kilikuwa kimechomoza kwa nyuma, nami niliyekuwa nikipepeta mchele nikaangusha ungo. Watasema mama mwenye mtoto mmoja na meno yote kinywani hana umri wa kutoa nasaha. Waseme. Nikingoja nizeeke hasira itapoa, na bila hasira sijui kama nitakusimulia sawasawa.

Baba yako alikuwa kazini kwenye mashamba ya mkonge upande wa Mlandizi, kwa hiyo neno lilikuwa la bibi yako, mama mkwe wangu. Akaagiza aitwe Mzee Kondo, fundi wa mifupa. Nisimdhulumu mzee wa watu: alikushika, akakuuliza jina la mbuzi wenu, na kabla hujamaliza kujibu alishavuta na kiungo kimerudi mahali pake. Mikono yake iliijua kazi. Akaunyoosha mkono, akaufunga gango la fito za mianzi na kitambaa cha kaniki, toka karibu na kwapa hadi kifundo cha mkono. Kisha akaomba kuku.

Ndiyo, kuku. Huku kwetu mgonjwa wa mfupa hatibiwi peke yake. Kuku huvunjwa mguu, naye hufungwa gango lake, na siku atakapokanyaga chini akatembea bila kuchechemea ndipo mtu hufunguliwa. Si kabla ya hapo. Bibi yako akatoa tetea la kijivu, likavunjwa, likawekwa chini ya tenga, mkawa wagonjwa wawili ndani ya nyumba moja. Mzee Kondo akasafiri kwenda msibani Rufiji. Nilipouliza kama mkono hauwezi kufunguliwa mapema kidogo, nikaambiwa atakayesema ni kuku.

Sasa sikiliza, maana haya nilifundishwa shuleni na sitaki yafe na mimi. Bega ni kama mchi ndani ya kinu: kichwa cha mviringo ndani ya kibakuli, ndiyo sababu mkono huzunguka kila upande. Nyonga ni hivyohivyo, ila kinu chake kina kina zaidi. Kiwiko ni mlango. Hukunja na kukunjua, basi. Ncha za mifupa zimevikwa gegedu laini, na katikati yake kuna ute unaoteleza kama ute wa yai. Ute huo hupakwa na mwendo wenyewe. Mlango usiofunguliwa masika nzima hushika kutu kwenye bawaba, na kiwiko kilichofungwa kupita kiasi hukakamaa, nyama na kano zikasinyaa zikasahau kazi yake. Wazee wenyewe wamesema samaki mkunje angali mbichi. Akishakauka, utamkunja au utamvunja?

Tetea lilipoanza kugusisha ukucha chini, nikapata matumaini. Ndipo akaja mgeni. Tena mgeni wangu mimi, mjomba wangu kutoka Gwata, na mgeni kwa bibi yako hali mboga za majani. Baba yako mdogo Seif akatumwa kukamata kuku. Kuku wa hapa humjua mgeni kabla hajavua viatu. Wote walikwishakimbilia mihogoni. Mmoja tu hakuweza kukimbia.

Tulikula, mwanangu. Hata wewe ulikula, kwa kulishwa. Mjomba alisifu mchuzi, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama kuku wa Kisarawe siku hizi huota magoti mawili kwenye mguu mmoja. Nikaenda kwenye tenga. Tupu. Nilipomshika Seif hakuona hata haya, akasema, "Shemeji, mgeni wako, njaa yake. Ulitaka nifukuzane na majogoo hadi magharibi?"

Ungedhani mambo yangeishia hapo kwa kucheka. La. Bibi yako alikaa barazani akafikiri, akatoa hukumu: avunjwe kuku mwingine, tungoje upya. Na yule wa kwanza ameliwa na watu wangu, kwa hiyo nisiwe na la kusema. Nilikuwa nakutazama wakati huo. Mkono wa kushoto ulikuwa umeingia kwenye sahani, bibi yako akauondoa, akakutilia tonge mdomoni mwenyewe. Mtoto wa umri wako, wa kukimbiza mbuzi, analishwa kama kifaranga cha njiwa. Nikaona maisha yako yote: mtu mzima kwenye sinia la karamu, mkono wa kulia umenyooka kama mpini wa jembe, hauna njia ya kufika kinywani, na wenzako wanasogea pembeni usije ukawatilia wa kushoto. Hicho ndicho kilichokuwa kinangojea kuku mwingine apone.

Nikachukua kisu. Si kwa kujificha; palepale barazani, jua limesimama. Bibi yako akaniambia asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Nikamjibu, "Mama, aliyevunjika guu ni kuku, na tumemla."

Nikakata kaniki, fito zikaanguka. Nikakuambia uguse mdomo. Ukajaribu, jasho likakutoka puani, mkono ukapinda kidogo kama tawi bichi, ukagoma. Bibi yako akashika kichwa: nimekuharibu kwa kufungua kabla ya wakati! Kiungo kimekakamaa kwa kufungwa, lawama ya aliyefungua. Hadi leo nikikumbuka neno lile nasikia moto kifuani. Ikaanza kusemwa kwamba nirudishwe kwetu Gwata nikafundishwe adabu.

Bibi yako alitaka kukukanda kwa mawe ya moto na kuukunja mkono kwa nguvu. Nikakubeba mgongoni hadi zahanati. Dresa, mfunga vidonda wa pale, akaupapasa mkono, akasema mfupa uko sawa, na akanionya: "Usimvute, wala asivutwe na mtu. Avute mwenyewe, kila siku, mpaka pale anapoweza."

Basi nikakuwekea sahani yako, nikatangaza kwamba hakuna atakayekulisha. Lo, siku zile! Ulipeleka tonge, mkono ukakwama njiani, ukainamisha shingo kulifuata kama bata. Nusu ya wali ilikuwa ya kuku, nao walinenepa, sikuwasamehe. Ulilia, bibi yako alilia, akaniita mama wa kambo. Nilikuwa namenya muhogo nimewapa mgongo, maana ningewageukia ningekulisha. Mwezi ukaandama, ukaandama tena. Asubuhi moja nikasikia bibi yako amenyamaza ghafla, nikageuka. Ulikuwa unatafuna. Kichwa kiko juu, wa kulia uko mdomoni, na yeye amekaa kando yako amekamata kibakuli cha mchuzi. Hakuniomba radhi, wala sikumdai. Alikuongezea mchuzi.

Kiwiko chako bado hakijakunja chote. Bega lako la kulia huligusi kwa mkono wa kulia, na huenda usiliguse kamwe. Ile sehemu iliyopotea ni ya yule kuku tuliyemla. Ni ya siku tulizokaa kungoja na kubishana.

Nasaha yangu ni hii, nami siipambi. Mkubwa mheshimu, mwamkie, mpishe kiti. Lakini akifunga kitu mwilini mwako, muulize kitafunguliwa lini na kwa sababu gani, na akikujibu kwamba kuku ndiye ajuaye, muulize tena. Kiungo kilichoteguka kirudishwe na ajuaye, kipumzike kwa kiasi, kisha kitembezwe taratibu, bila kuvutwa. Na wewe utakapokuwa mkubwa, mtoto akikuuliza kwa nini, usimtupie methali.

Mola akujaalie magoti ya kusujudu na kuinuka bila kushikwa mkono, shingo ya kugeuka ukiitwa, vidole vya kufungua kila fundo walilokufunga watu, na mkono wa kulia usiopungukiwa na tonge, wala na mtu wa kumpa tonge lingine. Amin, mwanangu.