Muhuri wa Siku Thelathini

Pale masijala ya ardhi walimwita Mama Mihuri, na mwenyewe hakulichukia jina hilo, maana mihuri ndiyo aliyoigonga kwa miaka ishirini na nane. Alikuwa mkavu wa maneno. Ukija bila kitambulisho, anakurudisha. Ukija nacho lakini ukaegemea meza yake, anakurudisha vilevile.

Asubuhi hiyo aliyeegemea meza alikuwa wakili, na faili mkononi. Nyuma yake alisimama mwekezaji mgeni, anatabasamia kila kitu mpaka feni. Na nyuma ya mgeni, akijikunyata asionekane, alikuwa mdogo wake Mama Mihuri, wa kiume, wa tumbo moja.

"Wewe unatafuta nini hapa?"

"Nimesindikiza wageni, dada."

Mama Mihuri akafungua faili. Namba ya kiwanja haikumwambia kitu. Viwanja vya watu alivijua kwa namba, lakini kwao palikuwa "kwa mzee" tu, tangu baba yao yuko hai. Mganga hajigangi. Alipofika kwenye ramani ndipo alipoiona njia ya kisimani, na nyumba ya mama yake imechorwa kimraba kidogo, na juu ya kimraba pameandikwa: ghala.

"Umeuza nyumba na mama yumo ndani?"

"Sijauza. Mgeni haruhusiwi kununua ardhi, unajua mwenyewe."

"Kabisa," wakili akadakia. "Ndugu yako amerudisha kiwanja serikalini kwa hiari. Serikali inakikabidhi kwa mamlaka ya uwekezaji, na mamlaka inampa mteja wangu haki ya kukitumia miaka sitini na sita. Baada ya hapo kinarudi. Hakuna aliyeuza, hakuna aliyenunua."

"Mama ana miaka themanini na moja. Atasubiri wapi kirudi?"

"Hati ina jina la mwanawe, mama. Siyo lake."

Hilo lilikuwa kweli, na lilimchoma. Baba aliandika hati kwa jina la mwanawe pekee wa kiume, akasema mbele ya wote kwamba mama yao atakaa pale mpaka siku yake ifike. Alisema tu, hakuandika. Na majirani walipomwambia mama kwamba wapimaji wanapitapita, bibi wa watu alicheka: binti yangu ndiye mlinzi wa ardhi ya mji mzima, nani ataigusa yangu?

"Aliyekuwa na dai alipewa siku thelathini," wakili akaendelea. "Tangazo lilikaa ubaoni. Hakuja mtu. Muda umepita, na leo tunataka faili liende mbele."

Mama Mihuri akapekua kwa hasira, karatasi baada ya karatasi, akitafuta kosa. Saini zilikuwepo. Picha zilikuwepo. Mwisho akalikuta tangazo lenyewe, na chini yake: *Limebandikwa siku thelathini. Hakuna pingamizi.* Muhuri wake. Saini yake.

Ubao wa matangazo pale ofisini haukuzidi ukubwa wa mlango, na matangazo yalikuja kila siku. Ndiyo maana kila Ijumaa ya pili aliyabandua yote kupisha mapya, kisha akayagongea siku thelathini kwa mkupuo, bila kuyasoma. Aliyemwachia meza ile alifanya hivyohivyo. Hakuna aliyewahi kuhesabu. La mama yake alikuwa amelibandika kwa mkono wake, na kulibandua kwa mkono wake, baada ya siku kumi na mbili.

Aibu ikampanda mpaka masikioni. Akavuta karatasi nyeupe, akaandika kwamba tangazo hili halikutimiza siku zake, na kwamba aliyelithibitisha alithibitisha uongo. Akaweka jina lake lote.

Wakili aliisoma kutoka upande wake wa meza, sura ikamwiva. "Unajua unachofanya? Itabidi tuanze upya. Siku thelathini nyingine."

"Thelathini kamili. Na mama atakuja na pingamizi lake, nitamleta mwenyewe."

"Dada," mdogo wake akanong'ona, "umebakiza miaka miwili ustaafu. Watakufukuza. Na hayo mengine yote uliyogonga, si watayafukua?"

"Wayafukue."

"Utakaa wapi? Nyumba unayokaa si ya kazi?"

"Kwa mama."

Mgeni akauliza jambo kwa lugha yake. Hakuna aliyejishughulisha kumtafsiria.

Mama Mihuri akachukua muhuri wa mapokezi, akarekebisha tarehe, akahakikisha ni ya leo, akaugonga juu ya karatasi yake mwenyewe. Nakala akampa wakili.

"Na ondoa kiwiko mezani kwangu," akamwambia. "Bado ni kwangu mpaka saa tisa na nusu."