Mche wa Avokado Nyuma ya Kanisa

Mimi si mtu wa kuongea. Hata dukani namtuma mdogo wangu aulize bei huku nimesimama nje. Kwa hivyo likizo hii, mama aliponiambia nikashikilie nasari ya kanisa kwa sababu shangazi anayeifundisha amejifungua, nilimsihi siku mbili atafute mwingine. Watoto kumi na wanne, wa miaka minne na mitano. Kumbe watoto wadogo hawanitishi. Wanakuangalia tu, wanangoja ufanye kitu.

Ukutani kuna chati ya mmea. Waliijua kwa wimbo: mizizi wanagusa miguu, shina wanagusa tumbo, majani wanatikisa mikono. Siku moja niliwatoa nje nikawauliza mizizi ya yale mahindi ya shambani iko wapi. Wote wakageuka wakanyoosha vidole mlangoni, kule ndani, kwenye chati. Nilicheka, halafu nikaona vibaya.

Kesho yake nilikuja na mche wa avokado uliojiotea kwenye takataka za jikoni kwetu. Niliuosha kwenye karai, kokwa ikiwa bado imeshikana nao, wakaugusa mmoja mmoja.

"Hii ni kama nywele za nyanya yangu," mmoja akasema akivuta mizizi.

"Mdomo wake uko wapi?" akauliza msichana mdogo kuliko wote.

Nikamwambia mti unakunywa kwa hizo hizo nywele. Akaziangalia sana. "Basi tuurudishe chini. Uko na kiu."

Tukachimba shimo nyuma ya kanisa. Niliwaonyesha mizizi iliyokatika nilipoung'oa nyumbani, nikawaambia ukitolewa mara ya pili hautapona. Mimi nikashika mche, kila mtoto akatia udongo na kuukandamiza kwa viganja. Sikufikiria lolote.

Hilo ndilo kosa langu, kama ni kosa. Huku kwetu Shinyalu mwanamke hubeba mbolea, huchota maji, hupalilia, lakini si yeye anayeutia mti shimoni. Anayepanda mti ni kama amesema hii ardhi ni yangu. Kwa hivyo sisi wasichana tunaambiwa ukipanda hutazaa. Mama akitaka mti anaita mvulana yeyote aushike, hata kama bado ananyonya, kisha yeye anamaliza kazi.

Mzee wa kanisa alitukuta tukinawa mikono.

"Nani amepanda huu?"

"Ticha!" watoto wakajibu pamoja.

"Wewe msichana, kwenu hawakukufunza? Ng'oa. Mpe huyu kijana aurudishe, mambo yaishe."

Huyo kijana ana miaka minne na alikuwa amevaa viatu kwa kuvigeuza, cha kulia mguu wa kushoto. Mzee alipomshika bega, akaficha mikono nyuma.

"Ukitolewa tena itakatika," akasema.

"Nini itakatika?"

"Mizizi. Ndiyo inakunywanga maji." Akamtazama mzee kwa huruma. "Kwani hukuonyeshwa?"

Mzee akainama aung'oe mwenyewe. Hapo nikawaona wale wasichana, saba kati ya watoto wangu kumi na wanne. Hawakuwa wanamwangalia mzee, walikuwa wananiangalia mimi, udongo bado uko kwenye kucha zao. Walikuwa wamepanda mti. Mzee akiung'oa, watakuwa hawajapanda kitu.

Nikachuchumaa, nikauzungushia mche mikono yangu.

"Baba, nakuheshimu," nikasema. Sauti ilitoka nyembamba kama ya mgonjwa. "Lakini hautoki."

"Usipozaa usije kunililia."

"Sitakuja, baba."

Alisimama pale mpaka magoti yakaniuma. Kisha akaenda, akisema mama atasikia.

Na alisikia. Jioni alikuwa anachambua mboga ya mrenda, hakuinua kichwa.

"Si ungemwachia huyo mtoto aushike tu? Hata mimi nimefanyanga hivyo miaka yote. Ungepungukiwa na nini?"

"Mama, miti yote ya hapa nyumbani umeimwagilia wewe. Ni upi unaoitwa wako?"

Akanisogezea fungu la mrenda nichambue. Hakuniambia nikaombe msamaha, na hata angeniambia, nisingeenda.

Nimesikia Jumapili mzee atasimama mbele ya kanisa lote aulize huo mti ni wa nani. Anajua ninavyoogopa watu. Anadhani nitainamisha kichwa, halafu watatuma kijana na jembe. Nitaogopa, ndiyo, na kila mtu ataona. Lakini nitasimama niseme ni wetu, mimi na hao watoto kumi na wanne, na anayetaka kuung'oa aje aung'oe wakiwa wanamtazama.