Mkono Nyuma ya Mti

Leo nimeshikana mkono na mtu ambaye sijamsalimia tangu Krismasi.

Kwaya yetu ilienda kutembea msitu wa Imenti. Kuna mti mkubwa ajabu huko, na askari wa msitu akatuambia, "Uzungukeni tuone kama mtatosha."

Tukaukumbatia, uso kwenye gome. Huoni hata jirani yako.

Nikanyoosha mkono, nikapata vidole vya mtu.

"Nani huyo?"

"Kendi."

Kendi! Yule aliyepewa kuongoza wimbo niliokuwa naongoza mimi.

Nikiachilia, mduara unakatika. Nyinyi mngefanyaje?

"Bado umeninunia?" akauliza.

"Kidogo."

"Sawa. Lakini shika vizuri."

Mtu aliyekuwa anatupiga picha akapaza sauti kwamba imetosha, wenzetu wakaachana.

Sisi wawili, huko nyuma ya mti, tulijifanya hatujasikia.