Aliyeshindwa Hupika Chai

Asubuhi ya leo nilifunga begi bila kujua ninakwenda wapi. Wanaonijua hawashangai; tangu niache shule nikiwa na miaka kumi na sita, nimehama vyumba vingi kuliko nilivyobadilisha viatu. Kilichonishtua ni kitu nilichokigusa chini kabisa ya begi, kimeviringishwa ndani ya taulo la jikoni lenye mikunjo ya pasi. Kitabu cha bibi. Nilipanda basi la kwanza lililosimama, nikakipakata njia nzima kama mtoto wa watu.

Hakuwa bibi yangu wa damu. Alikuwa jirani yetu huku ughaibuni, mtaa wa Mount Dennis, ghorofa ya nne, mlango wa pili kutoka kwetu. Mama alifanya kazi ya zamu kwenye ghala la mizigo huko Malton, kwa hiyo nikitoka shule nilikwenda kwa bibi. Ukifungua mlango unapokewa na joto la pasi, harufu ya tangawizi, na kile kipasha joto cha ukutani kilichogonga ko-ko-ko kama mgeni aliyefungiwa nje. Bibi alipiga pasi kila kitu: shuka, soksi, hata matambara ya kufutia vyombo. Ujana wake ulikwisha Dar es Salaam akifua na kutunza nguo za bwana mmoja, na mikono yake ilikataa kustaafu.

Kitabu alikiokota kwenye chumba cha kufulia cha jengo letu, mtu amekisahau juu ya mashine. Zilikuwa hadithi za kuchekesha za Kiingereza, za bwana tajiri asiyeweza jambo na mtumishi wake anayemwokoa kila mara. Bibi hakujua kusoma Kiingereza. Mimi nilijua, tena nilimjibu kwa hichohicho, kama watoto wote wa jengo lile.

"Kiingereza kiache humo kitabuni," aliniambia siku ya kwanza. "Mdomoni mwako nataka Kiswahili."

Basi yeye anapiga pasi, mimi nageuza sentensi mojamoja, nikikwama ananipa neno kama anayemlisha mtu kwa kijiko. Shule niliiacha, lakini ile ya bibi haikuniacha.

Tulikuwa na mchezo wetu. Bwana akishazama kabisa kwenye matatizo, bibi husimamisha pasi wima na kusema, "Funga!" Nafunga kitabu, kila mmoja anakisia mtumishi atafanya nini, na aliyeshindwa hupika chai. Siku moja bwana alikuwa amekubali mialiko ya harusi mbili, saa ileile.

"Mtumishi atasema bwana anaumwa," nikakisia.

"Uongo wa mtoto wa shule huo. Atamwagia suti supu. Nani huenda harusini na supu kifuani?"

Nikafungua. "Mchuzi, bibi! Amemwagia mchuzi. Umekosa!"

"Mchuzi ni supu iliyopata cheo. Nenda kapike chai."

Hakuwa akicheka pale kitabu kilipotaka acheke. Alicheka bwana alipotafuta soksi. "Watu wazima wasiojua soksi zao ziko wapi," alisema akijifuta machozi, "nimewalea."

Ikabaki hadithi ya mwisho. Humo bwana anamfukuza mtumishi kwa sababu amemfichia koti lake baya la mistari. Mtumishi anafungasha, anatoka, anafunga mlango taratibu. "Funga," bibi akasema. Mimi nilikisia atarudi kabla ya jioni, hadithi za kuchekesha haziishi vingine. Bibi aliisahau pasi juu ya shuka mpaka nikasikia harufu ya kuungua.

"Harudi," akasema. "Mtu akishatoka na begi lake, harudi. Lakini utaona, nguo zote atakuwa amemkunjia."

"Nisome?"

"Jumapili. Kapitie maneno magumu kwanza, usije ukanikwamia mwishoni." Akakiviringisha kitabu kwenye taulo, akanipa.

Jumamosi niligombana na mama kwa ajili ya shule, nikaondoka, kitabu kikiwa begini. Niliamini ni siku mbili tu. Nikaona mji mmoja, nikataka kujua wa pili ukoje, na wewe rafiki yangu unajua mtu kama mimi anavyoishia. Kila mama aliponipigia simu alimalizia hivi: "Bibi yako anauliza, mtumishi alirudi?" Zilikuwa kurasa nne tu, ningeweza kumsomea kwa simu. Nilisema, "Mwambie nakuja kumsomea mwenyewe." Nilisema hivyo majira ya baridi matatu. Ya nne, mama alipiga simu kunipa habari ya msiba wa bibi, na hakuuliza.

Basi la leo lilinishusha mtaa wa Agincourt. Kwenye dirisha la duka la viungo palibandikwa karatasi ya chumba cha kupanga, na ndani mama mmoja wa Kihindi alikuwa akigombana na dada yake simuni kwa Kiswahili safi cha Tanga. Nikasubiri amalize.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba! Kumbe! Chumba kiko juu, viatu vua hapo. Unakaa siku ngapi?"

"Sijui bado."

"Na Kiswahili hicho? Wangu nimewazaa mwenyewe, wananijibu Kiingereza. Nani kakufundisha?"

"Bibi mmoja, mpiga pasi."

"Basi angalau utajua kukunja shuka."

Nilikaa kitandani nikasoma zile kurasa nne kwa sauti, kwa Kiswahili. Bwana anafungua kabati, anakuta kila nguo imekunjwa, hata lile koti baya. Hapo bibi alipatia. Kisha jioni, kabla ya chakula, mlango wa nyuma unafunguliwa, mtumishi anaingia na kuuliza kama bwana atavaa tai nyeusi.

Amerudi. Nilikisia sawa, na chai ilikuwa ya bibi kupika. Lakini mimi niliyesema atarudi ndimi ambaye sikurudi, na yeye aliyesema mtu harudi ndiye aliyeendelea kuuliza.

Nikalikunja taulo kwa kufuata mikunjo yake ileile, nikashuka kumwomba mama mwenye nyumba sufuria na tangawizi.