Video ya Bakari Iliyokuwa Inakwama

Cheka ukitaka, lakini mimi sikusimuliwa, nilikuwepo. Na wako wanaume Ruangwa, wanalima ufuta mpaka leo, ambao wangekuwa chini ya kifusi kama si yaliyonikuta mchana ule.

Miaka hiyo simu za kamera ndiyo kwanza zinaingia kwetu, nami nilikuwa nafundisha kompyuta Nachingwea mjini. Akaja mama mmoja, Rehema, ndiyo kwanza ametoka eda. Mumewe Bakari alikuwa mchimbaji mdogo wa dhahabu kule Ruangwa. Jiwe lilimwangukia ndani ya duara, shimo lile walilokuwa wakichimba yeye na wenzake.

Rehema akanipa memori kadi aliyoifunga kwenye ncha ya kanga.

"Mwalimu, humu kuna video. Alipiga siku moja kabla hajafa. Ukuta wa duara umepasuka. Alitaka kumwonyesha kaka yake Hamisi, ndiye msimamizi wao, hakuwahi. Simu ikavunjika palepale alipoangukiwa."

"Na Hamisi anasemaje?"

"Anasema jiwe ni jiwe, siku yake ilifika. Mvua zimekatika, maji yanakauka, anataka kuwarudisha watu chini. Mimi mwanamke, nani atanisikiliza? Waonyeshe wote kwa pamoja, waone kwa macho yao."

Nikakubali. Nikatengeneza slaidi: picha ya duara, mchoro wa kuta, kisha video. Hapo ndipo shughuli ilipoanza. Video za simu slaidi hazikuzijua, ikabidi niibadilishe aina yake. Ikafunguka, lakini ikawa inarukaruka kama mtu mwenye kwikwi. Nikaitoa kwenye kadi nikaiweka ndani ya kompyuta, folda moja na slaidi. Nikaipunguza ukubwa. Nikafunga programu nyingine zote. Mwanzo ukanyooka vizuri. Ila pale tochi ya Bakari ilipoanza kupanda ukutani, picha ikaganda. Nikarudia, ikaganda palepale. Na baada ya hapo ndipo penye ufa wenyewe! Sasa nitawaonyesha nini, giza?

Siku ya mkutano nikaenda Ruangwa hivyo hivyo, kwa aibu ya kumwangusha yule mama. Tulipewa darasa la shule ya msingi. Tukaziba madirisha na mlango kwa maturubai, tukatundika shuka jeupe, jenereta likawekwa nje. Watu wakaenda kuswali adhuhuri, Rehema akaenda kunitafutia chakula. Nikabaki peke yangu na mashine, najaribu tena na tena.

Akaingia mtu. Kijana mrefu, vumbi jekundu kuanzia kwenye nywele hadi miguuni. Nikajua mchimbaji huyo, amewahi mkutano.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Karibu, bado kidogo."

Akasimama nyuma yangu akitazama. Video ikaenda, ikafika pale, ikaganda. Akacheka polepole, kicheko cha mtu aliyeona haya.

"Hapo mkono ulitetemeka," akasema. "Niliogopa."

Niamini, neno lile lilinipita. Mtu una haraka, utachunguza maneno ya kila anayeingia? Akaweka kiganja juu ya kompyuta, taratibu, kama unavyomtuliza mtoto mwenye homa. Nikaona dole gumba lake: ukucha umepasuka katikati, umeota vipande viwili.

"Sasa sitaogopa," akasema. Nikainama kurekebisha waya wa projekta. Nilipoinuka hayupo, na turubai la mlangoni halijatikisika.

Nilitaka kuijaribu tena, lakini watu walikuwa wameshaanza kuingia. Hamisi akakaa mbele, mikono kifuani. "Haya mwalimu, tuonyeshe hiyo sinema, tuna kazi."

Nikaonyesha slaidi. Nikafika kwenye video. Nikabonyeza huku nimefumba macho.

Ikatiririka. Wallahi, ilitiririka kama mafuta! Tochi ikapanda ukutani, ikapita pale ilipokuwa inaganda, ikaendelea juu, na ufa ukaonekana, mpana, umezunguka nyuma ya matimba, yale magogo yanayozuia kuta. Kisha mkono ukaingia kwenye picha, ukauonyesha ufa kwa dole gumba. Ukucha vipande viwili.

 Na sauti ikatoka kwenye spika, tulivu kabisa: "Kaka Hamisi, tazama. Ukuta unakuja."

 Hamisi akainuka, akalifuata shuka, akaugusa ule ufa wa mwanga kwa vidole vyake. Alipogeuka uso umelowa.

"Gogo hilo nililisimika mimi," akasema. "Hakuna mtu anayeshuka. Anayetaka kushuka apite juu ya maiti yangu kwanza."

Wanawake wakapasua vigelegele mpaka maturubai yakatetemeka. Rehema hakupiga kigelegele. Alikuwa amesimama ukutani, kichwa juu, anatabasamu kama bibi harusi.

Hazikupita siku nyingi. Alfajiri moja ardhi ikanguruma, na duara lote likajifunika. Chini hapakuwa na mtu hata mmoja! Wachimbaji walitoka vibandani na matandiko yao mabegani kutazama shimo lililokuwa liwameze, wakaanza kukumbatiana, wengine wakacheza ngoma palepale.

Baadaye nilimweleza Rehema yule kijana alivyokuwa. Hakushangaa. Aliuliza tu, "Alionekana amechoka?" Nikamwambia hapana.

Tangu hapo nimeonyesha video nyingi, maharusini, shuleni, kwenye semina. Kila nikibonyeza, mgongo hunisisimka, na huwa naacha kiti kimoja wazi karibu na mashine. Wanafunzi wangu wananiona kichaa. Sawa.

Nawe unayesoma, nakuonya. Video yako ijaribu mapema, kwa mashine ileile utakayoitumia. Na mtu akikuambia ukuta unakuja, awe hai, awe marehemu, toka kwanza. Maswali utayauliza ukiwa nje.