Vikopo Viwili vya 112

Mwaka nilioanza kazi ni ule wa njaa, wa makopa, mihogo mikavu. Makopa asubuhi, makopa jioni, hata Idi tulikula ugali wa makopa kwa kisamvu kisicho na nazi. Nilitoka Mzenga na darasa langu la tatu, nikawa mhudumu katika maabara moja ya Kibaha. Siku ya kwanza, Mkuu wa Maabara wa wakati huo alinipa ndoo, glavu na kalamu ya wino mzito. Akasema, "Mama, hapa ukikosea namba umekosea mtu."

Kazi yangu ilikuwa vikopo vya makohozi, vya kupimia kifua kikuu, vilivyoletwa kutoka vijiji vya Kisarawe. Kila kikopo nilikiandika namba ya kijiji, kistari, kisha namba ya mgonjwa. Na kwa kuwa mimi situlii, nikaongeza langu: nilichana kanga kuukuu, kila kijiji kikawa na rangi yake, nikafunga utepe kwenye kikopo. Wasomi walicheka. "Bibi anavivisha vikopo!" Wacheke.

Ikaja kompyuta, na Mkuu mpya naye akaja, mtu wa manukato na simu mbili. Lebo sasa zilitoka kwenye mashine. Programu aliiandika binti mmoja, Rehema. Nilimsumbua mpaka akanieleza.

"Bibi, mashine inapita kwenye orodha, inachukua namba moja moja. Kila namba inaigeuza iwe maandishi. Kisha inayaunganisha yote yawe tungo moja."

"Inajumlisha?"

"Haijumlishi. Inayapanga tu, kama unavyotunga shanga."

Nikaelewa. Lakini tepe zangu sikuacha kufunga.

Siku moja akaja Mwajuma wa Vihingo, kifua cha gauni kimelowa maziwa. Majibu yalisema ana kifua kikuu, mama mkwe akamnyang'anya mtoto wa miezi minne. "Shikamoo bibi. Mimi sikohoi hata! Mwanangu analia huko, maziwa yananimwagika huku."

Kukaa sikuweza. Nikaenda kwenye trei, nikarudi, nikaenda tena. Vikopo vya wiki ile vilikuwa havijachomwa. Nikakuta viwili vina lebo ya 112. Kimoja kina utepe wa njano, Vihingo. Kingine kina wa bluu, kijiji kingine kabisa.

Nikamwita Rehema. Akavigeuza vyote viwili, akasoma lebo na kutazama tepe. "Bibi, Vihingo ni kijiji namba moja, na yeye ni mgonjwa wa kumi na mbili. Huyu mwingine ni kijiji cha kumi na moja, mgonjwa wa pili. Ukiunganisha, zote 112."

"Na mashine ikaona mtu mmoja."

"Ikaona mtu mmoja, majibu yao yakapishana."

"Kistari changu kiko wapi?"

"Nilikitoa, bibi. Nilidhani ni uchafu."

Wakapima upya. Mwajuma hana kitu. Alitoka mbio, hata kwaheri hakusema. Mgonjwa alikuwa mzee wa kile kijiji cha bluu, aliyekwisha kuambiwa ni mzima, amerudi kulala chumba kimoja na wajukuu. Gari likamfuata.

Kesho yake Mkuu akaniita, karatasi mezani. "Bibi, andika kwamba ulichanganya vikopo. Umebakiza miezi miwili ustaafu, nani atakufanya nini? Tukisema ni mfumo, tutaambiwa tupekue lebo zote tangu kompyuta ilipokuja."

Ndicho hasa nilichotaka. Wangapi wengine wameunganishwa wakawa mtu mmoja? Nikasema, "Mimi sikuchanganya vikopo. Jina langu siliandiki hapo."

Sasa nimestaafu, naishi Misugusugu, na kukaa bado kunanishinda. Nafagia uwanja mara tatu kwa siku. Wajukuu, jifunzeni mashine, mimi siiogopi. Ila iulizeni kila mara: namba hii inaishia wapi, na ile inaanzia wapi? Anayeumia hamtamwona kwenye kioo cha kompyuta.

Siku yangu ya mwisho kazini walininunulia soda na kitenge. Mkuu akanikabidhi kitenge mbele ya watu, na chini yake, imekunjwa vizuri, karatasi ile ile.

"Bibi yetu, tufunge faili tu, uende ukapumzike."

Bila jina langu faili halifungwi, na lisipofungwa lebo zitapekuliwa. Watu wameshika soda, hakuna anayekunywa. Nikamrudishia karatasi, na kitenge chake juu yake.

"Mimi sikuchanganya vikopo. Jina langu siliandiki hapo."