Kuku Alipanda Puto Kabla Yetu

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa kamba nene, nikaambiwa niivute kwa nguvu zangu zote na nisiulize imefungwa wapi. Ilikuwa asubuhi ya umande, kwenye uwanja wa nyasi pembeni mwa mji wa Kakamega, Uhuru ukiwa bado mbichi. Mimi Rajabu, mtoto wa Mumias, nilikuwa nimekuja kutafuta kibarua cha kufyeka. Mbele yangu kililala kitambaa kipana chenye mistari myekundu na ya njano. Muda si muda kikajaa, kikasimama, kikawa kirefu kuliko msikiti wetu, nami nikabaki mdomo wazi. Tangu asubuhi ile nilitaka jambo moja tu katika kazi hii, nalo ni kupanda.

Nalisema mapema, kwa sababu siku hizi vijana wanasimuliwa kwamba sisi watu wa uwanjani tuliliogopa puto. Eti wazee walikuwa waoga. Wallahi nikilisikia neno hilo chakula hakishuki. Mtu aliyeshika moto na upepo kwa mikono yake kila alfajiri, leo aitwe mwoga na mtu ambaye hajawahi hata kupanda juu ya paa kuziba bati.

Kwanza nieleze kazi yenyewe, maana anayebisha bila kuijua kazi ananichosha. Hewa ikipashwa moto huwa nyepesi, nayo hupanda. Puto halina siri nyingine. Unatandaza kitambaa chini, unaweka feni kwenye mdomo wake na kukijaza hewa baridi. Kwetu mdomo huo ulishikwa na Shiundu na Makokha, wanaume wenye mabega. Kisha Rubani anawasha jiko. Sisi tuliliita jiko, ingawa hakuna mke angekubali kulipikia: linachoma gesi ya mitungi na kutema moto mrefu kuliko mtu. Kitambaa kinaanza kuinuka, na hapo anahitajika mtu wa kamba ya utosi, yaani kamba iliyofungwa kileleni, alivute puto lisiinuke kwa pupa na kupigwa na upepo. Huyo nilikuwa mimi. Likishasimama, wote mnakimbilia kikapu cha fito kinachobeba abiria na kukilalia kwa mikono, kwa kuwa kinataka kwenda zake. Rubani akisema "Achia," unaachia. Asiyeachia hunyanyuliwa, na akianguka ni shauri yake.

Puto halina usukani. Rubani hupanda au hushuka akitafuta upepo unaokwenda atakako, basi. Asubuhi nyingi lilielekea upande wa Navakholo, nasi tukilifuata na Landrova kwenye barabara ya murram, shingo nje ya dirisha, wanawake waendao sokoni wakituelekeza kwa vidole. Watu waliacha majembe shambani wakakimbia nalo. Ilikuwa kazi tamu, sikatai. Ukiona kitambaa kile kimewaka ndani kabla jua halijatoka, unasahau kwamba hujala.

Mkuu wetu wa kwanza alikuwa Rubani mwenyewe, Mzungu aliyewahi kurusha ndege za vita. Hakuwa mtu wa matusi. Alitujua kwa majina na mgonjwa alimpeleka hospitali. Lakini siku nilipomwomba anipandishe hata mara moja, alinitazama kama nimeomba nilale kitandani kwake.

"Wewe nakaa chini, Rajabu," aliniambia kwa Kiswahili chake. "Mimi nakaa juu. Hiyo ndiyo kazi."

Na wageni wake, waliokuja kupanda, alikuwa akiwasimulia hadithi ileile kila asubuhi wakingojea upepo utulie. Kwamba zamani Wafaransa walipolitengeneza puto, walihofia kumpandisha mtu, wakatanguliza kondoo, bata na jogoo. Wageni hucheka. Mimi huku nimeshika kamba, nikijiambia moyoni: kondoo amepanda, bata amepanda, na mimi baba wa watoto naambiwa nakaa chini.

Basi ikakaribia sikukuu ya Madaraka, na Rubani, sijui nani alimsukuma, akatutangazia kwamba siku hiyo mmoja wetu atapanda. Mmoja tu, tumchague wenyewe. Tukamchagua Wekesa, kijana wa Chekalini, kwa kuwa ndiye aliyekuwa mwepesi kuliko sote. Hatukutaka Rubani apate kisingizio cha uzito. Nilitamani ningekuwa mimi, lakini nilijua akipanda Wekesa, mlango umefunguka kwa wote.

Siku ilipofika Wekesa alikuja na koti la marehemu baba yake. Mama yake naye alitoka Chekalini amebeba kuku chini ya kwapa, zawadi ya Rubani. "Mulembe," alitusalimia wote, akampa Rubani kuku kwa mikono miwili. Rubani akashukuru sana. Tukatandaza kitambaa, feni ikapuliza, jiko likanguruma, puto likasimama. Hapo likaja gari jeusi, akashuka shemeji wa Mheshimiwa mmoja, viatu vinang'aa, akasema amesikia kuna puto na yeye angependa kupanda.

Rubani hakufikiri hata kidogo. "Wekesa, wewe ngoja siku nyingine. Sasa shika kikapu."

Wekesa akashika kikapu. Mama yake alikuwa amesimama palepale. Yule shemeji akapanda, akaisikia ile hadithi ya Wafaransa na jogoo wao, akacheka mpaka akashika mbavu. Akauliza, "Na hapa jogoo yuko wapi?" Rubani naye, ili mgeni afurahi, akamchukua kuku wa Mama Wekesa akamtia ndani ya kikapu. Nawaapia, kuku alipandishwa mbele ya macho yetu, na aliyecheka kwa sauti kubwa zaidi alikuwa Mwafrika mwenzetu, tuliyeimba naye wimbo mmoja wa taifa.

Rubani akasema, "Achia."

Tukaachia sote isipokuwa Wekesa. Kikapu kina matundu ya kukanyagia pembeni. Alitia mguu kwenye moja, akajivuta, na puto likiwa limefikia kimo cha mahindi akajirusha ndani kichwa kwanza. Koti la baba yake lilipasuka mgongoni, tuliona bitana. Mama yake alipiga kigelegele kimoja kirefu. Na sisi tuliokuwa na nidhamu ya kazi miaka yote, tukashangilia kama watoto.

Nilimpakia mama kwenye Landrova tukalifuata puto. Lilishuka katika shamba la miwa huko Navakholo. Wekesa tulimkuta amekaa juu ya kitambaa, amempakata kuku, watu wamemzunguka wanamuuliza maswali. Rubani alikuwa mwekundu kama pilipili.

"Wewe nakwisha kazi," alimwambia. "Leo."

Mama Wekesa akapita katikati yao, akamchukua kuku kutoka mikononi mwa mwanawe. "Huyu nilileta kwa mtu wa kupandisha mtoto wangu," alisema. "Mtoto wangu amejipandisha. Mimi sipeanangi kuku bure."

Akaenda naye. Wekesa akafukuzwa, akarudi Chekalini kulima mahindi, na mlango niliodhani umefunguka ukafungwa kabisa.

Baadaye Rubani alirudi kwao, tukaletewa Meneja. Mtu wa hapa hapa, anayekula obusuma, ugali wetu, kama mimi. Nilifurahi, nikidhani sasa mambo yamekuwa yetu. Mimi nilikuwa nimepanda cheo kutoka kamba ya utosi hadi dereva wa kufuata, kisha Msimamizi wa Uwanja, ninayeamua kama upepo unafaa au haufai. Nikaenda ofisini kwake kwa heshima zote nikamwomba. "Bima haiwaruhusu wafanyakazi, Mzee," alinijibu. Mwaka uliofuata, bima. Mwingine tena, bima. Rubani alinikatalia kwa ubwana wake, nikamwelewa. Meneja alinikatalia kwa karatasi ambayo hakuwahi kunionyesha, na huyo mpaka leo sijamsamehe.

Siku ya kustaafu kwangu walifanya sherehe uwanjani asubuhi, puto likiwa limeshasimamishwa. Wenzangu wa zamani walialikwa, na Wekesa akaja, mvi kichwa kizima. Meneja akasimama kuhutubia. Akasema wazee hawa walifanya kazi kubwa, ijapokuwa, akacheka kidogo, waliogopa kupanda.

Sikungojea zamu yangu. Nilisimama nikamwambia mbele ya wageni wake kwamba huo ni uongo. Nikamwonyesha Wekesa kwa kidole, nikawaeleza habari za kuku, za gari jeusi na za bima, na sikuona haya. Meneja alijaribu kutabasamu. "Basi Mzee Rajabu, panda leo."

Nadhani alitazamia nitakataa. Magoti yangu hayakuwa tena ya kukwea kikapu, lakini Wekesa alinishika mguu, Shiundu na Makokha wakaniinua makwapani, wakanitia ndani. Kisha wote watatu wakakilalia kikapu, wazee wazima. Rubani mpya, kijana mdogo, akasema, "Achia," nao wakaachia.

Hakuna mtikisiko. Ni ardhi inayoondoka. Niliuona msitu umekaa giza upande mmoja, mashamba ya miwa upande mwingine, moshi wa majiko ya watu umesimama wima, na nikalia, sifichi. Kisha nikachungulia chini kuwatazama wenzangu, na sikuwaona. Puto likipanda wima, waliolishika wako chini kabisa ya kikapu, sakafu inawafunika. Kumbe miaka yote ile, kila aliyepanda alitazama misitu na mashamba, na sisi tuliomwinua tulikuwa chini ya viatu vyake. Hasira ikanipanda upya, kubwa kuliko ya Meneja, kuliko hata ya kuku.

Jiko likazimwa. Juu kule ukimya ni mwingi, unamsikia mtu akikohoa nyumbani kwake. Nikaushika ukingo, nikainama, nikaita, "Shiundu."

"Mzee, tafadhali," rubani kijana akaninong'oneza, "abiria hawapigi kelele."

Nikamwambia anyamaze. Nikamwita Makokha, nikamwita Wekesa, kwa sauti ile niliyokuwa nikitumia uwanjani, na mmoja mmoja wakaitika.